Siku Tuliyomkabidhi Hurayth Nyumba Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Mzee wetu Abu Hanzala, mkuu wa ukoo, uliyekubali kupanda punda na goti lako hilo bovu ili ukae nasi leo. Wazee wa Khazraj. Ndugu zetu wa Aws, mliokaa upande ule wa uwanja kana kwamba kuna mto katikati yetu. Ndugu zetu Muhajirina, mlioiacha Makka na kila mlichokuwa nacho. Mama zetu na dada zetu mlio chini ya mitende. Wageni mlioalikwa, na nyinyi ambao hamkualikwa lakini mmesikia harufu ya nyama: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla sijaendelea, ndugu zetu wa Aws, sogeeni. Sogeeni! Sahani za tharid, mkate uliolowa mchuzi wa nyama, ni kubwa na zimepangwa katikati, atakayebaki kule atakula upepo. Naam. Hivyo hivyo.

Mke wangu, Umm Qays, ameniomba niseme maneno machache. Nimemwambia sawa. Yeye ananijua, na nyinyi mnanijua.

Waheshimiwa, tumekusanyika kumkabidhi ndugu yangu Hurayth bin Mudrik nyumba yake, hii mnayoiona nyuma yangu, yenye udongo ambao haujakauka vizuri. Msiegemee ukuta. Nasema ndugu yangu, na mama yake hakunizaa, wala mama yangu hakumzaa. Yeye ni mtu wa Makka, mimi ni Julays bin Rabi', mkulima wa hapa Madina. Lakini Mtume wa Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie, alipohamia kwetu, aliwaunganisha wenyeji na waliohama, mtu na mtu, wawe ndugu. Mimi nikapata huyu. Wengine walipata mafundi seremala, wengine walipata wapiga mishale hodari. Mimi nilipata mfanyabiashara wa ngozi asiyejua mtende unashikwa wapi!

Msicheke bado. Aliingia kwangu amevaa nguo moja, midomo imepasuka kwa jua. Nikamwambia, "Ndugu yangu, shamba langu hili hapa, tuligawe nusu kwa nusu." Akasema, "Mwenyezi Mungu akubarikie mali yako na watu wako. Ile ardhi tupu kule chini ni ya nani?"

"Ile? Ni yangu, lakini haioti kitu."

"Basi niazime hiyo. Na kwenye mitende yako nitafanya kazi kwa jasho langu, tule pamoja kitakachopatikana."

Niulizeni, je, alikuwa na kitu gani cha kuringia? Hakuwa na hata mkeka. Kule Makka shemeji zake walimnyang'anya mke wake mlangoni, Arwa, akiwa na mtoto mchanga mgongoni, wakamwambia, "Wewe nenda na dini yako, huyu dada yetu haendi popote." Akaja peke yake. Na mtu wa namna hiyo, aliyeporwa kila kitu, akikataa nusu ya shamba lako, utamwitaje? Mimi nilimwita mkaidi. Umm Qays alimwita muungwana. Kama kawaida, mmoja wetu alikosea.

Kazi ya mitende akajifunza. Siku ya kwanza kupanda mtende alifika juu vizuri sana, kisha akaukumbatia, akafumba macho, akagoma kushuka. Jua likapanda. Majirani wakaja kutazama. Umm Qays akatoka jikoni akapaza sauti, "Shemeji, shuka! Ukikaa huko zaidi utaanza kuzaa tende!" Hurayth akacheka kwa nguvu mpaka kamba ya kukwelea ikalegea, akashuka bila kutaka. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilipata kicheko ambacho haikuwa nacho tangu Bu'ath.

Nimelitaja jina hilo. Najua halitajwi kwenye karamu. Lakini hadithi ya nyumba hii haisimuliki bila ya Bu'ath, basi nivumilieni.

Katika vita vile, kabla nuru haijatufikia, Aws na Khazraj tulichinjana kama watu wasiokuwa na mama. Ndugu yangu mkubwa, Nahik, aliuawa pale, na aliyemuua ni jirani yangu wa shamba la pili, Salit bin Awf, yule pale mwenye ndevu za hina, anayejifanya anatazama mbuzi. Kati ya shamba lake na langu lilibaki tuta la udongo, na mlango wake na mlango wangu haikugongwa na mkono wa upande wa pili. Hata tulipokwisha silimu sote, tuliswali safu moja, tukitoka kila mtu akapita njia yake.

Nani angemwambia Hurayth mambo hayo? Mimi sikumwambia. Basi siku moja narudi nyumbani, namkuta anapasua kuni kwa shoka zuri kweli.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Yule mwenye ndevu nyekundu. Mtu mkarimu, amenipa na maziwa."

Nikamwambia, "Hurayth, huyo ndiye aliyemuua Nahik."

Aliliweka shoka chini taratibu. Halafu akasema, "Amesema lirudishwe kabla ya alasiri. Atalirudisha nani, wewe au mimi?"

Wazee wangu, mngejibu nini? Mimi niliingia ndani. Akalirudisha mwenyewe. Na akaendelea kwenda. Akienda kuazima kamba, anarudi na kamba na neno juu yake: "Salit anauliza hali yako." Akienda kurudisha kamba, anarudi na jingine: "Salit anasema mitende yako mwaka huu imependeza." Mimi nanuna, lakini mtu akiambiwa mitende yake imependeza, atafanyaje? Moyo unalainika kidogo kidogo bila ruhusa.

Wakati wote huo, ile ardhi tupu ya kule chini Hurayth alikuwa anaihudumia. Aliomba miche ya mitende kwa huyu na yule, akaipanda kwa mistari, akawa anabeba maji ya kisima kwa kiriba mpaka bega likachubuka. Kila mche aliujua. Alikuwa akiniambia, "Binti yangu Mulayka akija, ataikuta ina urefu wake." Hakusema huenda akaja. Mnanielewa? Alisema akija.

Ndipo ikaja ile gharika. Wengi wenu mnaikumbuka. Mvua ilinyesha kule juu kwenye majabali, sisi huku mbingu safi, na alfajiri tukasikia bonde linanguruma. Maji yakaja mekundu, yamebeba vigogo na mbuzi waliokufa, yakajaa upande wangu wa tuta. Yalifika kizingiti cha nyumba yangu. Umm Qays amesimama juu ya jiwe la kusagia, amemshika mtoto wetu. Njia ilikuwa moja tu: kulikata tuta, maji yamwagikie shamba la Salit. Na huyo Salit alikuwa ameshafika juu ya tuta pamoja na jamaa zake, jembe mkononi, upanga kiunoni.

Nikamwambia, "Ondoka hapo!"

Akasema, "Ukitia jembe kwenye tuta hili, Julays, naapa utalala kwenye shimo utakalochimba!"

Nami nikashika upanga. Ndugu zangu, nasema ukweli mbele ya Mola wangu: tulikuwa tumebakiza pumzi moja turudi Bu'ath. Waislamu sote wawili, mikono yetu bado ina maji ya udhu!

Hurayth akaja akiogelea nusu, akitembea nusu. Akapanda juu ya tuta akasimama katikati yetu, nguo zimemganda, akapiga ukelele, "Kateni kwangu!"

Hatukumwelewa.

"Kateni kwangu, kule chini! Shamba langu limeteremka kuelekea bondeni. Maji yatapita kwangu yarudi njia yake. Upesi!"

Salit akamwambia, "We mgeni, unajua unachosema? Miche yako itakwenda yote. Hautabaki hata mmoja."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nataka mkate sasa hivi, kabla sijabadilisha mawazo."

Hakungoja jibu. Alininyang'anya jembe mkononi, akakimbia, na jembe la kwanza akalipiga mwenyewe, katikati ya mstari wa miche aliyoibebea maji kwa bega lake. Nikamwona uso. Alikuwa analia, na hakuacha kuchimba.

Nikachukua jembe jingine nikamfuata. Nikainua macho, nani yuko ubavuni kwangu? Salit. Ameutupa upanga, anachimba kama mtu anayefukua mtoto wake. Tukachimba bega kwa bega. Na mnajua maneno ya kwanza tuliyosemezana mimi na yeye tangu Bu'ath? Mnataka kuyajua?

Alisema, "Chimba upande wako, unanirushia tope!"

Nikamwambia, "Funga mdomo, basi, lisiingie!"

Ndiyo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yetu. Mfereji ukafunguka, maji yakapita kwa Hurayth kwa kishindo, yakarudi bondeni. Mitende yangu ikasalimika, ya Salit ikasalimika. Kule chini hapakubaki kitu ila tope tupu, na mtu mmoja amekaa juu yake anatazama.

Umm Qays akapika kile kilichonusurika, akaita kila aliyekuwa na jembe. Salit akasimama mlangoni, mguu mmoja nje. Mke wangu akamwambia, "Ingia, Salit. Umeshajaa tope la shamba letu mpaka kwenye ndevu, utakuwaje mgeni?" Akaingia. Akakaa karibu yangu. Baada ya tonge mbili tatu akasema kwa sauti ya chini, "Julays, na ahsante kwa zile salamu zako."

"Salamu gani?"

"Si zile ulizokuwa ukinitumia kwa Hurayth."

"Mimi? Wewe ndiye uliyekuwa ukiuliza hali yangu!"

"Nani? Mimi?"

Tukageuka wote wawili. Hurayth alikuwa ameinama, anahangaika na mfupa usiokuwa na nyama hata kidogo! Tumefundishwa kwamba mwenye kupatanisha watu hahesabiwi kuwa mwongo. Lakini Hurayth, ndugu yangu, siku ile ulikaribia kujaribu mpaka wa ruhusa hiyo!

Siku zilizofuata nilimwambia Salit habari ya Nahik, naye akaniambia habari ya jamaa zake waliokufa kwa panga zetu. Tulilia. Hayo ni yetu sisi na Mola wetu. Ninachowaambia ni hiki: Salit alileta miche kutoka shambani kwake, miche bora kuliko ile ya kwanza, nami nikaleta yangu, tukampandia Hurayth shamba upya. Kisha tukaanza kuta hizi. Magogo ya paa ni ya mitende yangu. Mlango ni kazi ya Salit. Umepinda kidogo, lakini unafunga.

Na mlango wa nini, kama mtu anaishi peke yake? Njia ya Makka ilipopata amani, habari ikatufikia kwamba Arwa amewashinda kaka zake kwa maneno, ameondoka na binti yake pamoja na msafara, na anahitaji mtu wa kumpokea njiani. Hurayth akataka kuruka juu ya ngamia saa ileile. Salit akamshika mguu. "Wewe wanakujua, watakukamata. Mimi hawanijui. Na ndevu hizi hazivutii mazungumzo." Akaenda yeye. Mtu wa Aws, kumfuatia familia ndugu wa mtu wa Khazraj! Enyi watu, ni nani kati yetu aliyeota ndoto hiyo wakati wa Bu'ath? Ni nani aliyethubutu? Hivi mnaona jambo ambalo Mwenyezi Mungu ameliweka mikononi mwetu, au mmelizoea tayari?

Jana asubuhi, mimi na Hurayth tulikuwa hapa hapa, tunapaka udongo ukuta huu, tumechafuka kuanzia nywele mpaka unyayo. Tukaona ngamia wa Salit wanatokea kwenye mitende. Hurayth akauangusha udongo aliokuwa ameushika. Akasimama. Nami nikasimama karibu naye. Arwa akashuka, akamshusha msichana mrefu mwenye vumbi usoni. Msichana akatutazama, mimi, kisha yeye, kisha mimi. Akamwuliza mama yake, "Yupi ndiye baba?"

Arwa akasema, "Yule anayelia."

Basi mtoto akaja moja kwa moja akanikumbatia mimi!

Chekeni, chekeni. Salit alikuwa analia pia, kule juu ya ngamia, na angelikuwa karibu angekumbatiwa yeye. Arwa ndiye aliyekuja akamshika binti yake bega, akamgeuza, akasema, "Si huyu, mwanangu. Huyu hapa." Na Hurayth akapiga magoti kwenye udongo ili awe sawa naye kwa kimo, akasema neno moja tu, "Mulayka." Msichana akamfuta tope kwenye kope kwa kidole, ili amwone vizuri.

Mzee Abu Hanzala, wazee wa Aws na Khazraj, ndugu zetu Muhajirina, mama zetu, wageni wote: nawashukuru kwa miguu iliyowaleta na kwa mikono yenu iliyobeba matofali haya. Namshukuru Umm Qays, ambaye ananikonyeza nimalize. Arwa, karibu kwenu. Na wewe Mulayka, mimi ni baba yako mdogo, usinikimbie.

Hurayth bin Mudrik, simama. Mshike mkeo, mtangulize binti yako. Salit, sukuma huo mlango wako, unagoma pale chini. Ingieni nyumbani kwenu. Nanyi mliobaki uwanjani, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Sasa semeni Bismillahi, nyosheni mikono, tule.