Chuma Kilichopanda Hadi Kwenye Chaki

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni yule mjane wa Bukima anayekaa na mwanawe na mama mkwe wake, huwa naketi benchi la nyuma. Leo nimesogezwa mbele kutoa ushuhuda.

Mume wangu alipofariki nilitaka kusomea uuguzi. Chuoni wakanijibu: bila kufaulu fizikia, hapana. Nikarudia mtihani, nikafeli. Nikarudia tena, nikafeli. Maswali ya springi ndiyo yaliyonimaliza. Nilikuwaga nakariri fomula zote, halafu kwenye chumba cha mtihani sijui nishike ipi.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, naacha. Nitauza dagaa."

Akaniuliza, "Umemwambia nani kwamba huelewi?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Mama mzima, niliona aibu.

Basi nikapanda gari hadi Bunda, kwenye kituo cha masomo pale Nyasura. Mwalimu wa fizikia ni binti, mdogo kwangu. Nikamweleza yote. Hakucheka. Akasema, "Dada, weka fomula pembeni kwanza. Jiulize, nishati iko wapi sasa, na baadaye itakuwa wapi?"

Akasimamisha springi mezani, karibu na ukuta. Ugumu wake alishaupima: nyutoni mia mbili kwa mita. Akaweka juu yake kipande cha chuma cha gramu hamsini, akaibana sentimita tano.

"Kabla sijaachia, niambie kitafika wapi."

Nikapiga hesabu. Nishati iliyobanwa mle ndani, robo ya jouli. Yote ikigeuka kuwa kimo, ni nusu mita kutoka pale chuma kilipo. Nikachukua chaki, nikachora mstari ukutani.

Akaachia. Ndugu zangu, nawaambia, kile chuma kilipanda, kikatulia kidogo hewani chini tu ya mstari wangu, pungufu kwa upana wa kidole, kikaanguka.

"Na hicho kidole?" nikauliza.

"Hakijapotea. Kimekuwa joto, na ule mlio uliousikia."

Nilikaa chini. Mimi, niliyefeli mara mbili, nilikuwa nimejua kwa kalamu jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea.

Nikabaki Bunda nikisoma kwake, na mtihani uliofuata nilifaulu. Nimepata nafasi chuoni, hapa hapa Musoma.

Mwalimu aliniazima ile springi, nikamwonyesha mama mkwe nyumbani. Alitazama, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Na Mungu aliyepanga hivi, siku zote hizi amekaa kimya tu, wala hajisifu."

Namshukuru mama huyu, aliyelea mwanangu nikiwa Bunda. Namshukuru yule binti. Na wewe uliyekaa hapo na jambo usilolielewa, nakuomba, kesho nenda kwa anayelijua, useme, "Sielewi." Mimi neno hilo lilinichukua miaka kulitamka.