Kinyozi na Miezi Miwili

Wasikilizaji wapendwa, mezani kwangu nina karatasi mbili. Moja imeletwa asubuhi na mtoto wa marehemu, kapiga na tai, ili niisome hewani: "Ametutoka baba yetu, kipenzi cha wajukuu." Kipenzi cha wajukuu! Loo, kuna watu hawana haya. Hiyo nimemalizana nayo.

Tunamkumbuka kinyozi wetu, Kichwa Safi. Miaka thelathini na mbili kwenye kibanda kile kile nyuma ya posta. Kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa, mashine inayonguruma kuliko pikipiki. Ndiye aliyeninyoa siku ya harusi yangu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuwa kinyozi asiyejua umbea, na hao ni wachache.

Miaka tisa iliyopita alipata saratani ya tezi dume. Hakuificha. Hospitalini walimpandikizia punje za mionzi humo humo ndani ya tezi, ndogo kuliko punje za mchele, zifanye kazi yake taratibu. Akapewa karatasi ya maelezo, akaibandika kwenye kioo kila mteja aione. Miezi miwili asipakate mtoto mdogo, asikae karibu na mjamzito. Miezi miwili. Sisi wengine, ruksa.

Sasa sikieni mambo ya watu wazima. Mkojo ulimchoma, tena ulimbana ghafla. Aliacha kidevu cha mtu nusu, akatoka mbio huku akisema, "Subiri, nimeitwa!" Wanaume na ndevu zao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakamuuliza habari za chumbani. Halafu wakamhama, eti mkono wake utawaunguza vichwa. Vichwa gani? Mlikuwa na nini humo cha kuungua? Nami nilikuwamo. Miezi mitatu nilinyolewa ng'ambo ya barabara, kwa mtu aliyenikata sikio. Nilistahili.

Jana nilimuuliza mkewe kuhusu hayo ya chumbani. Mama huyu hapindishi maneno. "Yalilegea, ndiyo. Mengine yalirudi, mengine hayakurudi. Tulikuwa tunacheka tu. Kilichomuumiza mume wangu si hicho. Ni mtoto."

Mtoto ni mjukuu wa kwanza, msichana, aliyezaliwa wiki ile ile ya matibabu. Kichwa Safi alihesabu siku kwa chaki ukutani. Miezi miwili ilipotimia akavaa shati jeupe, akabandua karatasi yake kwenye kioo, akaenda kwa mwanawe kumpakata mjukuu. Mwanawe akampokea mlangoni.

"Baba, tusubiri kidogo. Tuwe na uhakika."

Mzee akamwonyesha karatasi. Daktari akapigiwa simu pale pale, akasema imetosha, mpeni mtoto. "Hawa madaktari nao," akajibu mwana.

Kidogo hicho kilikuwa miaka tisa. Miaka tisa, wasikilizaji! Saratani ilitibika. Mkojo ulitulia. Wateja tulirudi na aibu zetu, akatunyoa bila kutusimanga. Lakini kwa mwanawe aliwekewa kiti cha plastiki karibu na mlango, na mtoto akafundishwa kumwamkia kwa mbali. Msomi yule, vyeti vimejaa ukuta, alishindwa kuhesabu mpaka mbili.

Wiki iliyopita kiharusi kikamchukua. Si saratani, si mionzi. Kiharusi. Msibani mwana alilia kuliko wote, tena akaomba kipaza sauti.

Mjukuu hakulia. Alimvuta bibi yake mkono, akamnong'oneza: "Bibi, sasa naruhusiwa kumshika?"

Wanaume mnaonisikiliza, nendeni mkapime. Acheni kuogopa kuchekwa na watu wasio na la maana la kusema. Na mkipewa karatasi na daktari, isomeni mpaka chini. Ya pili hapa mezani ndiyo ile ya kwenye kioo, nimepewa na mjane. Ina madoa ya sabuni ya kunyolea. Mstari wa mwisho unasema: "Baada ya miezi miwili, mpakate mjukuu wako bila hofu."

Mama, pole sana. Mjukuu, pole, mwanangu; babu alikuja na shati jeupe, ujue hivyo. Na wewe mwenye tai, pole yako ninayo hapa.

Ila tusubiri kidogo. Tuwe na uhakika.