Homa ya Darasa la Pili

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

NESI: Mimi dada yako. Natumia simu ya zahanati, inakwaruza hii—

MWALIMU: Shikamoo dada. Za huko—

NESI: Marahaba. Uko darasani?

MWALIMU: Niko nje, nimewaachia kazi ya kuchora. Mbona sauti hivyo?

NESI: Ofisi ya elimu imetuletea barua ya shule yenu. Watoto kumi na tisa wa darasa la pili, homa kali, siku moja. Wakubwa wanahofia mlipuko, wamenituma nifua—

MWALIMU: [anacheka] Waambie watulie. Hakuna homa.

NESI: Hakuna?

MWALIMU: Ibaki kati yetu. Jumatatu walikuja wapimaji wa kusoma, wakakaa mpaka jana. Mtoto anapewa ukurasa, dakika moja, wanahesabu maneno. Darasa likianguka, mwalimu wake anaondolewa. Mkuu akasema wasiojua kusoma wabaki nyumbani, wazazi wapige simu kwamba wanaumwa.

NESI: Na wewe ukakubali.

MWALIMU: Watoto tisini na nne, dada, vitabu kumi. Ningefanyaje? Tumepita lakini. Tumesifiwa mpaka basi.

NESI: [anapekua karatasi]

MWALIMU: Haloo? Unanipata?

NESI: Nakupata. Mtoto anayeitwa Pengo naye yumo kwenye hao kumi na tisa?

MWALIMU: Pengo? Wa kwanza kabisa. Kitabu bado anakishika kichwa chini, maskini. Nampenda yule mtoto. Umemjulia wapi?

NESI: Mama yake alikupigia?

MWALIMU: Jumatatu asubuhi. Kwa kuigiza hajambo yule mama. Eti mtoto anatetemeka, hata maji hanywi. Nikamwambia safi, sema hivyo hivyo, abaki ndani mpaka... [mkwaruzo] ...mpaka Alhamisi.

NESI: Leo Alhamisi.

MWALIMU: Dada.

NESI: Wako hapa. Amembeba mgongoni njia nzima. Anasema aliogopa kumtoa mapema, mwalimu alikataza.

MWALIMU: Anaongea? Pengo anaongea?

NESI: Omba ruhusa, uje.

MWALIMU: Nimekuuliza—

NESI: Salio linaisha. Barua yenu iko mezani, mama ameona muhuri wa shule. Kusoma hajui. Ananiuliza imeandikwa nini kuhusu mwanawe.

MWALIMU: Usimsomee. Dada, nakuja, nakuja sasa hivi, usimso—

NESI: Ameshaishika, mdogo wangu. Ananinyooshea—

[Simu imekatika.]