Kome Wenye Risasi

Kijiwe ni benchi moja la mbao mbele ya gereji, na jioni hiyo kahawa ilikuwa ikimiminwa tangu saa kumi. Fundi Filta, aliyepewa jina hilo kwa kubadilisha filta za oili tangu ujana wake, hakuwa na raha. Miguuni pake palikuwa na ndoo ya kome. Mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, aliamka akitamani kome na si kitu kingine, naye Fundi akaenda kuwaokota ufukweni, karibu na bomba la kiwanda cha betri. Wakati wa kuondoka ndipo akaona tangazo la bwana afya: kome wa hapa wasiliwe, wana risasi. Sasa alitaka wenzake wamtoe wasiwasi.

Kapteni, ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi, aliuliza ni nani huyo asiye na kazi mpaka akawapige kome risasi. Akachukua bisibisi, akafungua kome sita, akapekua nyama kwa kidole.

— Hakuna risasi. Tangazo la uongo hilo.

— Si ya bunduki, wewe, — alisema Daktari, ambaye udaktari wake ni wa kufagia zahanati. — Ni madini, yale ya ndani ya betri. Hayaonekani. Lakini ukichemsha sana yanakufa.

— Yanakufaje na hayako hai?

Daktari akasema basi yanazimia.

Kapteni naye akaja na lake. Kome hula kwa kuchuja maji kutwa nzima, kwa hiyo hakuna kiumbe msafi kumshinda. Daktari akadakia kwamba anayemla huchujika damu. Wakazidi kutia chumvi: kome wakawekwa kwenye matangi ya maji ya mji, wakalipwa mishahara, na mtoto wa Fundi akazaliwa keshachujwa, hapati hata mafua. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alitaka sana kuamini.

Akatokea shemeji yake, mdogo wa mkewe, ametumwa kuchukua ndoo. Sufuria ilikuwa jikoni tayari. Akasimama kusikiliza habari za kuchuja.

— Sasa shemeji, huo uchafu wakishauchuja, wanauweka wapi?

Kapteni akasema hilo ni swali la Daktari. Daktari akaomba kahawa nyingine. Fundi akatazama viganja vyake, bado vyeusi kwa filta aliyoifungua mchana, imejaa tope la oili. Miaka yote hiyo hajapata mteja aliyeomba filta ya zamani akaikaange.

Akainuka, akaimwaga ndoo yote kwenye pipa la takataka.

— Kamwambie dada yako napitia mayai.

— Atanuna.

— Anune tu, — alisema Fundi. — Waninunie wote wawili, yeye na wa tumboni, ilimradi wawe wazima.