Bi Fungua na Kaunta ya Maktaba

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Fungua, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu, fundi saa. Mimi mdogo wake ndiye niliyeombwa kumsomea wasifu, na nitajitahidi nisikasirike.

Shuleni alifaulu vizuri, ingawa alitolewa nje ya darasa mara nyingi kwa kuuliza "kwa nini". Alihitimu masomo ya ukutubi mwaka 1973, akaajiriwa maktaba kuu.

Huko, kila msomaji alisimama mbele ya kaunta, akataja kitabu, akangoja aletewe. Dada alipendekeza jambo dogo tu: watu waingie wenyewe kwenye rafu wachague. Ungedhani kasema jengo lichomwe moto. Mkuu wake alidai vitabu vitaibwa. Wenzake wakaacha kunywa naye chai. Akashushwa chumba cha chini kubandika majalada, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Nilimsihi aombe radhi yaishe. Akanijibu, "Hawaogopi wizi. Watu wakijichukulia vitabu, itaonekana wao walisimama pale bure miaka yote."

Alikuja mkuu mpya, akafungua rafu, akakata utepe, akasema wazo ni lake. Dada alipiga makofi. Mimi nilitoka nje, maana ningetukana.

Mwaka 1979 aliolewa na seremala mpole, wakajaliwa mabinti wawili. Wala msidhani yeye alikuwa mwepesi wa kupokea mapya. Binti mkubwa alipomnunulia jiko la gesi, lilikaa kwenye boksi mwaka mzima. "Mama, si wewe uliyepigania rafu?" binti aliuliza. Akajibu, "Nikiwasha hilo, mwanangu, basi moshi wote niliomeza, nilimeza bure." Kesho yake aliliwasha, amenuna.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Daktari alimwamuru apumzike. Akataka kwanza aelezwe sababu, na alipoelezwa akabisha. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wakwe, wajukuu watano, na mimi, ambaye sina tena wa kugombana naye.

Mungu ampumzishe dada yetu. Sisi tulijaribu, tukashindwa.