Kipande Alichokiondoa Yotham Matonya

Ndugu waombolezaji, familia ya mzee Abeli Matonya inawashukuru kwa kufika hapa Nkuhungu, na inaomba mtusikilize tuwaeleze mpendwa wetu alivyokuwa, bila kumpamba.

Marehemu Yotham alizaliwa tarehe 14 Agosti 1972, Mvumi, mtoto wa tatu wa mzee Abeli na mama Anyesi, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1986, kisha sekondari mjini Dodoma, na mwaka 1996 alihitimu stashahada ya kompyuta Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, soko huria likiwa limeshika kasi, aliajiriwa na kampuni binafsi iliyoko Area D, hapa Dodoma, na tarehe 9 Desemba 2000 alifunga ndoa na Frida Wambura, wakajaliwa Generosa na William. Alikuwa mtu wa kupunguza, jamani, hata begi la safari alilifungua mara tatu kutoa nguo, mpaka mkewe akachoka kubishana naye.

Kazini aliandika kwenye kompyuta programu ya simu za wahudumu wa afya vijijini, na kwa kuwa simu zile ndogo zilikuwa na nafasi finyu, ilimbidi aondoe kila kipande ambacho hakikutumika cha programu za kuazima, yaani zilizoandikwa na watu wengine. Machi 2005 aliondoa kimoja kilichoonekana hakina kazi, kumbe kiliamka kutoa onyo pale tu mhudumu alipoandika dalili ya hatari, naye alikuwa ameijaribu programu kwa taarifa za mama asiye na tatizo. Huko Bahi mhudumu aliandika kwamba Paulina, mjamzito, anatokwa damu, simu ikanyamaza badala ya kuonya, wakachelewa kumpeleka, mama akapona, mtoto hakupona.

Hakuna aliyejua sababu ila yeye, Yotham angeweza kunyamaza, lakini alikwenda Bahi mwenyewe kukiri na kuomba radhi. Paulina alimpa maji ya kunywa, hakumjibu. Alirudi kila Machi, akapewa maji, hakujibiwa, na jambo hilo lilimtafuna.

Juni 2007 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na Jumamosi tarehe 3 Novemba 2007, saa tisa alasiri, akafariki, baada ya kuuliza tena kama kuna ujumbe kutoka Bahi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nkuhungu, na wafanyakazi wenzake. Tunamshukuru pia Paulina, aliyefika jana bila kuitwa, akakaa mkekani na Frida, akasema alishamsamehe siku nyingi ila mdomo ulikuwa mzito, na ameomba aweke shada. Laiti ungesubiri siku mbili tu, Yotham. Lala salama ndugu yetu, umejibiwa.