Kitambaa cha Mama Sikuzani

Mama Sikuzani alikufa kwa kuchoka. Hakulogwa, wasikilizaji wapendwa, wala hakula sumu, kama wanavyonong'ona huko mtaani Bwiza. Alichoka, akafa. Jana ilikuwa arobaini yake.

Jina lake Mwavita. Alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, matanga, maulidi. Tangu kabla ya uhuru hadi mwaka huu wa 1969, masufuria makubwa ya Bwiza yalikuwa yake. Kila alipoitwa alijibu neno moja: "Sawa."

Kichwa kilipomuuma alijifunga kitambaa, akakikaza hadi paji la uso likabonyea. Sisi tulikiona tukafurahi. "Leo amejifunga," tulisema. "Pilau itanoga." Tulidhani ni kitambaa cha kazi. Binti yake mkubwa, Sikuzani, ndiye aliyejua ni cha maumivu. Kila asubuhi alitazama fundo kwanza, ndipo amwamkie mama yake.

Mwezi wa sita daktari alimpima, akakuta tansiyo, yaani shinikizo la damu, iko juu sana. Akamwandikia siku kumi na nne za kulala. Siku ya tatu akaja Mzee Nasor, mwenye duka.

"Mama Sikuzani, Jumamosi namuoza binti yangu Thuwaiba."

Sikuzani akawahi. "Mzee, mama ni mgonjwa."

Nasor akacheka. "Mgonjwa? Si huyo amejifunga? Mutoto, we unataka wageni wangu wakule mukate?"

Mwavita akasema, "Sawa."

Mzee alipoondoka, Sikuzani alimsihi. "Mama, sema apana mara moja tu."

"Mi nikisema apana, siku nikiwa na musiba nani atakuja?"

Mchana uleule alianza kuchagua mchele.

Jumamosi Sikuzani aliuficha mwiko mkubwa chini ya kitanda. Haikusaidia. Jirani yao Léocadie alileta mwiko wake. "Mwiko haukosekani mtaa huu," alimwambia. "Labda ungemuficha mama."

Saa tano Mwavita alikaa chini, kando ya sufuria la nne. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa shughulini. Alisema, "Geuzeni wali," kisha akalala ubavu. Fundo lilikataa kufunguka. Léocadie alikikata kitambaa kwa mkasi, lakini roho ilikuwa imeshatoka.

Sikuzani ameniambia: "Musibani walikuja wote. Mtaa mzima. Wakaniuliza nani atapika."

Wasikilizaji wapendwa, mzigo wa ndani hauonekani. Ungekuwa gunia la mchele, tungemtua. Leo mtazame yule ambaye hajawahi kukukatalia, umuulize hali yake, usubiri jibu. Nawe uliyekaza kitambaa, sema unaumwa.

Pole Sikuzani. Poleni, wewe na wadogo zako. Mungu amrehemu mama yenu.

Daktari alimwandikia siku kumi na nne. Alipumzika mbili. Jumamosi ile wageni mia mbili walikula wakashiba. Watoto wanne wamebaki bila mama.